Baiskeli ya Bi Uematsu

Jumapili moja ya Novemba, saa moja asubuhi, Chizuru Tokura alikuwa amechuchumaa uani akifuta spoku kwa fulana kuukuu ya mumewe, baiskeli ya kumi na tisa ilipoingia. Ilisukuma geti kwa tairi la mbele, ikapita kando ya ndoo, ikajipanga mwishoni mwa mstari na kushusha stendi yake. Ilikuwa ya kijani, imelowa umande, na haikuwa na mtu.

"Mama, mwingine kaja!" Chizuru aliita.

Mama mkwe wake, Bibi Fusae, alitoka na kichupa cha mafuta. Aliizunguka, akaibonyeza siti.

"Mnene huyu. Tumwite Kabichi."

"Si juzi tu umemwita mwingine Kabichi?"

"Yule Figili. Wewe kazi yako kuwapapasa tu, hata majina yao huyajui."

Toshikazu, mume wa Chizuru, alicheka mpaka mswaki ukamtoka mdomoni. Kabla ya Juni hakuwa mtu wa kucheka. Walikuwa wakila huku wameikodolea macho televisheni, na Bibi Fusae alimaliza wali wake upesi ili arudi chumbani. Siku hizi walikula mlango wa uani ukiwa wazi, wakibishana ni ipi inayotaka breki mpya, na chai ilipoa bila mtu kukumbuka.

Ya kwanza haikuja yenyewe. Jioni moja ya majira ya mvua Toshikazu alishuka kwenye treni akakuta basi limeondoka. Pale stesheni palikuwa na baiskeli ya rangi ya fedha, haijafungwa. Aliipanda hadi nyumbani, akasema atairudisha kesho. Kesho yake, baiskeli ya pili ilikuwa getini, imeifuata ile ya kwanza. Jumatatu zikawa tatu.

Kila moja ilikuwa na kibandiko cha njano chenye namba ya usajili. Mtu angeipeleka kwa polisi wa mtaa, mwenyewe angepatikana kabla kikombe cha chai hakijaisha. Chizuru alivifunika kwa plasta za vidonda. Ile ya fedha haikuhitaji kibandiko ili ijulikane ni ya nani. Kwenye madigadi ya nyuma iliandikwa kwa kalamu nzito: Uematsu.

Bi Uematsu walimjua. Alikuwa akienda nyumba hadi nyumba kuogesha wazee wasiojiweza. Kwa baiskeli aliwaogesha sita kwa siku. Sasa alikwenda kwa miguu, na goti lake la kulia bovu, akawafikia wanne. Kila siku saa tisa na dakika ishirini alipita nje ya ua, na ile ya fedha iligeuza usukani kuelekea barabarani ikapiga kengele. Bibi Fusae aliiziba kengele kwa kiganja mpaka hatua zikapotea.

Mwezi wa Septemba Chizuru aliamua kuirudisha. Alipoifikisha getini, zote nyuma yake zilikunja stendi kwa pamoja, zikaanza kutoka. Alisimama. Mama mkwe wake alikuwa dirishani, anatazama. Chizuru aliirudisha mahali pake, na nyingine nazo zikarudi.

Badala yake alimpelekea Bi Uematsu sanduku la mapeasi.

"Tumeletewa mengi mno," alidanganya.

Lakini zawadi hailiwi ikaishia hapo. Baada ya siku tatu Bi Uematsu alitembea dakika arobaini kutoka kwake kuja kurudisha shukrani ya majani ya chai. Kwa aibu Chizuru alimpelekea dawa ya kuchua goti. Bi Uematsu akatembea tena, na vikeki vya maharage matamu. Chizuru akapeleka soksi za sufu.

Wiki ile ile aliyofika Kabichi, Bi Uematsu alikuja na mfuko wa machenza, mvua ikamkuta getini. Ikabidi wamkaribishe uani, chini ya bati. Ile ya fedha ilitoka mstarini, ikamsogelea, ikamwegemezea usukani kiunoni.

"Kumbe uko huku," Bi Uematsu alisema, akasoma jina lake.

"Ilikuwa mvua," alisema Toshikazu. "Siku ile."

"Juni mvua huwa nyingi." Aliijaribu kengele. "He, analia! Kwangu alikuwa bubu. Mmemtunza, jamani."

"Mchukue, dada," alisema Chizuru. "Tafadhali."

Stendi kumi na nane zilikunjwa. Bi Uematsu alisikia. Aliutazama mstari, kisha akamtazama Bibi Fusae, aliyekuwa amemkumbatia Kabichi.

"Ah, hapana. Mie nakaa ghorofa ya nne. Na kutembea nimeshazoea."

Kila aliyekuwepo alijua mambo haya yanavyokwenda. Anayepewa hukataa, anayetoa husisitiza, hukataa tena, kwa sauti ya chini zaidi, mara ya tatu hupokea. Bi Uematsu alikuwa amekataa mara moja. Alibaki amesimama, mkono juu ya siti, akingoja.

Mvua iliendelea kupiga bati. Toshikazu alikohoa. Chizuru alitazama plasta. Bibi Fusae alisema machenza ya mwaka huu ni matamu.

"Ni matamu kweli," Bi Uematsu alisema baada ya muda, akaondoa mkono.

Stendi zilishuka.

Wote watatu walimsindikiza hadi getini, wakainama, kwa kuwa mgeni huinamiwa mpaka apinde kona. Kona yenyewe haiko mbali. Bi Uematsu alikwenda na goti lake, akapumzika kwenye kila nguzo ya umeme, na kila alipopumzika aligeuka akainama naye, kuwashukuru. Nao wakazidi kuinama. Mvua iliwalowesha migongo, na hakuna aliyethubutu kuinuka wa kwanza.