Salamu ya Kushoto

Shingo ya Mbwana Shemdoe ilikuwa nene kuliko paja la mtu wa kawaida. Nuria, mkewe, alimnunulia mashati kwa kipimo cha shingo, kisha akayapunguza kiuno na mikono, na vipande vilivyobaki vikatosha kumshonea binti yao sare ya mwaka mzima. Anayebisha akamuulize fundi wa mtaani kwao, Lawrence Heights.

Shingo hiyo ndiyo iliyowalisha. Miaka kumi na minne alicheza raga ya kulipwa, jezi namba tatu, propu wa kulia: yule anayechomeka kichwa katikati ya wapinzani wawili kwenye skramu, pale wanane wa kila upande wanaposhikana na kusukumana, akasukumwa na dunia nzima mbele na nyuma. Ni kazi isiyopigwa picha. Wenye mbio hufunga wakashangiliwa, propu huinuka mwisho akitema nyasi.

Sasa ana miaka thelathini na sita, na shingo haigeuki kushoto. Mwaka wa pili huu haigeuki, naye anaficha. Barabarani, na huku ughaibuni magari hupita kulia, hukaa njia ya kulia ya wasio na haraka, nyuma ya basi linalosimama kila kituo, maana kuhamia kushoto kunataka shingo. Safari ya dakika kumi ikawa arobaini, Nuria akadhani mumewe kapata ustaarabu. Kwa daktari wa timu, alipoambiwa atazame kushoto, alisukuma sakafu kwa kidole gumba cha mguu, na kiti cha kuzunguka alichokalia kikageuka taratibu, yeye mzima mzima juu yake. Daktari, macho kwenye karatasi, akaandika kwamba shingo ni safi.

Msikitini ndiko kulikokuwa kugumu. Swala hufungwa kwa salamu, uso ukigeuzwa kulia kisha kushoto, na kiti cha kuzunguka hakuna. Mbwana akajizoesha kukaa mwisho wa safu, ubavu wa kushoto ukutani. Ukuta haudai salamu.

Ijumaa moja ya baridi, siku tatu kabla ya vipimo vya msimu mpya, alichelewa nyuma ya basi lake. Alipoingia imamu alikuwa akihimiza watu wazibe mapengo. Mtu akamvuta mkono, akajikuta katikati ya safu. Kushoto kwake, bega kwa bega, alikuwa Shakeel, mzaliwa wa Mombasa, mtaalamu wa viungo wa timu. Bila saini yake, mchezaji hapati mkataba.

Salamu ya kulia Mbwana aliitoa vizuri. Ya kushoto akaitoa kwa macho tu, kama mwizi anayechungulia dirisha.

Shakeel alimsubiri penye viatu.

"Sheikh, mimi salamu yangu hukunipa."

"Nilikupa moyoni."

"Skramu haichezwi moyoni. Tangu lini?"

"Tangu shingo ilipoanza kuwa na adabu."

Shakeel hakucheka. "Jumatatu nitakaa kushoto kwako. Ukinigeukia, natia saini. Usiponigeukia, usije ukanilaumu."

Siku mbili Mbwana alijikanda mafuta ya karafuu, hadi majirani wa ghorofa ya juu wakashuka kuuliza pilau iko wapi. Alitaka msimu mmoja tu. Kwa nini aliutaka, hakujua tena. Alijua tu kwamba hajawahi kuamka asubuhi akiwa mtu mwingine zaidi ya propu. Nuria alipomuuliza kama anaumwa, akajibu kwamba amechoka. Lilikuwa neno lake la kwanza la kweli katika miaka miwili.

Jumatatu, katika chumba cha vipimo cha timu, kule Downsview, kiti kilikuwa kile kile. Daktari alikuwa hajafika. Shakeel akavuta kiti chake, akaketi upande wa kushoto, mikono magotini.

"Asalaamu alaykum."

Kidole gumba kikagusa sakafu. Mbwana akawaza skramu za msimu mzima, na wenzake saba wakimtegemea katika kila moja. Akawaza lile basi. Kisha akauinua mguu polepole, akaupumzisha juu ya chuma cha kiti.

"Wa alaykumu salaam," akauambia ukuta ulio mbele yake.

Shakeel alifunga kalamu, saini hakutia. Akabeba kiti chake, akazunguka, akaketi mahali anapoonekana.

"Nipe funguo za gari lako," akasema.

Jioni hiyo Shakeel ndiye aliyeendesha. Walipolikuta basi limesimama kituoni, akageuza kichwa, akahamia kushoto, wakalipita. Mbwana akafumba macho.