Ski za Kufika Puani

Asubuhi ile Kiptoo alimpiga mkewe kwa kiatu cha ski. Kiatu cha ski, cha kutelezea kwenye theluji, si sandali. Ni gamba la plastiki ngumu lenye vifungo vya chuma, zito kama tofali, na ukikishika kwa shingo yake kinakaa mkononi vizuri sana. Alikiokota mlangoni, akamtandika Jebet begani, kisha pajani, kisha begani tena, palepale pa kwanza. Eti chai haikuwa na tangawizi. Jebet alikuwa ameacha zamani kutafuta sababu. Alijikunja sakafuni, akauma mkono wa sweta ili majirani wa chini wasisikie, akasubiri mumewe achoke. Kiptoo huchoka upesi. Ni mtu wa vitabu, mhadhiri, mikono yake haikuzoea kazi nzito.

Alipochoka alikirudisha kiatu mahali pake, akakisimamisha sawasawa na mwenzake, akaenda kunawa.

"Jiandae," alisema akijifuta kwa taulo. "Sister Beverly anatungoja dukani, Overport. Vaa ile sweta ya shingo ndefu. Watu wamekuchangia, usiwaaibishe."

Jebet alijikokota hadi bafuni, akafungua maji ya baridi, akayaacha yamwagikie begani. Vifungo vya kiatu vilikuwa vimejichora kwenye ngozi, mistari minne mifupi, myekundu. Leo walikuwa wanakwenda kumnunulia ski mpya ili asiumie tena. Kama una moyo wa kucheka, cheka hapo.

Mambo yalianza hivi. Jebet alikulia Kapsowar, kwenye baridi ya kweli, na joto la Durban, Afrika Kusini, lilimnyima pumzi tangu aliposhuka kwenye ndege. Kwa hiyo wenzake wa maabara alikofanya kazi walipomwalika milimani Lesotho wakati wa theluji, alikwenda mbio. Alivaa zile mbao ndefu mbili miguuni, akateleza, na kabla ya jua kuwa kali alikuwa ameshajua kitu ambacho hakuwahi kumwambia mtu: kule juu mlimani hakuna mkono unaoweza kumfikia. Kiptoo hakuwa akiteleza. Alikaa chini kwenye mkahawa, amejifunika blanketi, akinywa kahawa na kumtazama kwa mbali. Jebet alijifunza kila msimu. Sasa hakuwa mgeni tena wala hakuwa bingwa. Alikuwa wa kati, yule anayeshuka mteremko wa bendera nyekundu, mgumu kiasi, bila kuomba dua na bado anauogopa ule wa nyeusi, mkali kuliko yote.

Halafu Jumapili moja ya Julai alifika kwenye ibada ya Wakenya na jicho limefura. Beverly alimshika kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga, akauliza, "Dada, nini hii?" Kabla Jebet hajafungua mdomo, Kiptoo alijibu huku akicheka, "Si zile mbao zake! Ameanguka tena." Watu wakacheka. Jebet naye akacheka. Tangu siku ile theluji ikabebeshwa kila kitu: mdomo uliopasuka, ubavu unaouma, kidole kilichofungwa bandeji. Hata Februari, Durban inapochemka kama sufuria na theluji haipo hata ya dawa, Kiptoo alieleza kwamba ni maumivu ya zamani yameamka. Na watu walikubali! Watu wenye digrii zao, waliopanda ndege kuja kusoma na kufundisha, walikubali.

Sasa Mkenya akiona jirani yake ana shida, haulizi maswali mengi, anapitisha kapu. Ndivyo tulivyolelewa. Beverly, muuguzi, mama mwenye sauti ya kujaza ukumbi, alisimama baada ya nyimbo akatangaza kwamba dada yao anaumia kwa sababu anateleza na vifaa vya kukodi, vikuukuu. "Tumnunulie ski nzuri, ski za wanawake, za usalama," alisema. "Au tunangoja avunjike shingo?" Kapu likazunguka. Wa kwanza kutoa alikuwa Kiptoo, na alitoa akiwa amesimama ili aonekane. Walimpigia makofi, wakamwita mume wa mfano. Jebet aliketi mstari wa pili, mikono mapajani, akapiga makofi pia. Usimcheke. Hujui ungefanya nini.

Duka lenyewe lilikuwa Overport, juu ya mahali wanapokaanga samosa, kwa hiyo makoti na mahema yote mle ndani yalinukia giligilani. Mwenye duka alikuwa Peguy, mwanamke wa Bukavu, Kongo, mrefu, mwenye nywele fupi, aliyeuza vifaa vya mlimani vilivyotumika na kupanda Lesotho mwenyewe kila baridi. Ski zilipangwa ukutani zimesimama, makali yao ya chuma yamenolewa, yanang'aa.

"Karibuni, bamaman, papa," alisema. "Ni nani anatafuta?"

"Ni huyu," Beverly alisema, akamsukuma Jebet mbele kwa upole, mkono ukitua begani, pale pale. Jebet aliona nyota, lakini hakulia. "Tunataka za usalama. Anaanguka sana."

"Bon." Peguy alimpima Jebet kwa macho kutoka juu hadi chini. "Maman, kwanza utaniambia. Unateleza tangu lini?"

"Misimu michache," Beverly alijibu.

"Unapenda kwenda mbio ao polepole?"

"Polepole," alisema Kiptoo. "Ni mwoga."

Peguy aliweka mkono kiunoni. "Eish. Miye ninauliza maman. Haiko papa." Kisha akamgeukia Jebet tena, sauti ikashuka. "Unaangukaka mara ngapi kwa siku?"

"Oo, huyo!" Beverly alicheka. "Ukimwona Jumapili utadhani amegongwa na taxi."

Peguy hakucheka. Lakini biashara ni biashara. Alitoa jozi moja fupi, nyeupe, yenye maua ya waridi, akaisimamisha mbele ya Jebet. Ncha ilikomea chini ya kidevu. "Alors, kwa mutu wa kuanguka, ni hii. Fupi, laini, inapinda upesi. Ukikosea, haikutupi. Iko nyepesi." Kisha akagusa nyingine ukutani, ya buluu iliyokoza, akaivuta kidogo tu ili waione akieleza. "Hii nayo ni ya mwanamke wa kati. Inafika puani. Iko ngumu katikati, inauma barafu vizuri. Lakini inataka mutu mwenye kusimama. Ukiwa wa kuanguka, itakuvunja muguu."

"Basi ni hizo nyeupe," alisema Kiptoo. "Zifungeni."

Jebet alizitazama zile nyeupe zenye maua. Alizijua. Ndizo alizopewa siku yake ya kwanza kabisa. Akizivaa sasa, kwa mwendo wake, kwenye barafu ya asubuhi, ncha zingetetemeka kama meno ya mwenye homa, na zingemtoka. Angeanguka kweli. Angeanguka kila siku, mbele ya watu, na uongo wa Kiptoo ungekuwa ukweli. Hata mlima ungekuwa wa Kiptoo. Hilo ndilo lililomuuma, kuliko bega, kuliko paja. Kiatu alikuwa ameshakizoea. Mlima hakutaka kuutoa.

Kiptoo alimsogelea. Alimshika mkono juu ya kiwiko, vidole vikizama kwenye nyama iliyokwisha kuiva kwa kipigo, akatabasamu kuelekea kwa Beverly. "Sema asante, mama," alinong'ona. "Chukua twende. Tutaongea nyumbani."

Jebet alijua maana ya kuongea nyumbani. Na hapo hofu, ambayo siku zote humfunga mdomo, ilimfungua. Kwani nini kilibaki cha kuogopa? Atapigwa akisema, atapigwa asiposema.

"Sitaki hizo," alisema. "Nipe zile ndefu."

"Jebet," alisema Kiptoo.

"Mimi sianguki." Alimwambia Peguy, maana Peguy ndiye aliyeuliza. "Nikikosea naketi kwenye theluji, naamka, nacheka kama watu wengine. Mlima haujawahi kuniachia alama hata moja."

Beverly alikuwa bado na tabasamu usoni. Halikupata pa kwenda. "Na lile jicho, dada? Na ule ubavu?"

"Ni yeye."

Kiptoo alimpiga palepale. Ngumi ya mdomo, mbele ya muuguzi, mbele ya mwenye duka, dirisha wazi na watu wanapita chini na mifuko ya samosa. Labda hata yeye alishangaa, maana alisimama kidogo akiutazama mkono wake. Kisha akaona kwamba maji yamekwisha kumwagika, akaendelea. Alimkamata Jebet kwa ile shingo ndefu ya sweta akamgonga kichwa ukutani. Peguy alirukia mkono wake akipiga kelele, "Papa, uko mwenda wazimu?" Akasukumwa, akaangukia rafu, na ski zote za ukuta ule zikaporomoka kwa kishindo, chuma juu ya chuma. Beverly, mama wa sauti ya kujaza ukumbi, alikuwa ameuziba mdomo wake kwa mkono.

Kiptoo aliokota fimbo ya kutelezea, ya alumini. Ya kwanza ilimpata Jebet mgongoni, ya pili shingoni. Jebet alipiga magoti katikati ya zile mbao. Damu ilimtoka mdomoni ikadondokea kwenye ski ya buluu iliyolala mbele yake, ndefu, ngumu katikati. Aliishika kwa mikono miwili karibu na mkia, akainuka. Hakufikiria. Alizungusha kiuno kama anavyokata kona mlimani, uzito wote kwenye mguu wa nje, akaiachia ile mbao iende.

Makali yalimpata Kiptoo chini ya goti. Sauti ya mfupa ilikuwa ndogo, kama ya kuvunja kuni kavu, lakini kila mtu aliisikia. Alidondoka kama gunia juu ya mahema, akashika mguu, akalia. Jebet alisimama juu yake na ile ski imeinuliwa. Nitasema ukweli: alitaka kumpiga tena. Alitaka kumpiga mpaka naye achoke. Alimwangalia mtu yule akijikunja sakafuni, anauma mkono wa shati lake, akaujua mkunjo ule kwa kila mfupa, na ndio uliomzuia. Aliishusha ski polepole.

Mkaanga samosa alikuwa ameshapanda ngazi, koleo la mafuta mkononi, na wateja wawili nyuma yake. "Kuna nini humu? Nani ameumia?"

"Nimeanguka," Kiptoo alisema upesi kutoka sakafuni, meno yameumana. Hata pale, mguu umepinda, aibu ya kupigwa na mke ilimuuma kuliko mfupa. "Nimeteleza tu. Nimeanguka. Sister Beverly, waambie."

Wote walimgeukia Beverly.

"Hakuanguka," alisema Jebet. Midomo yake ilikuwa imefura na maneno yalitoka mazito. "Nimempiga mimi. Na mimi sikuanguka." Aliivua ile sweta, akabaki na fulana, akawageuzia bega. Mistari minne ya vifungo ilikuwa imeanza kuwa myeusi. Chini yake kulikuwa na mingine ya zamani, ya manjano, na mingine ambayo tayari ilikuwa kovu.

Beverly alisogea. Aligusa mstari mmoja kwa ncha ya kidole, kazi aliyoifanya maisha yake yote kwa watu asiowajua. Kisha akalia kwa sauti, ile sauti yake yote, mpaka watu wa chini wakasimama barabarani. "Niliona," alisema. "Nilikuwa naona, dada. Nikawaambia tuchange." Alitoa simu na mikono yake ikakosea kitufe mara kwa mara kabla ya kupata polisi. "Kuna mwanamume amempiga mkewe," aliwaambia. "Nimeona kwa macho yangu. Jina langu andikeni. Na leteni ambulensi, amevunjika mguu."

"Nitakuua," Kiptoo alisema kutoka kwenye mahema, lakini alisema kwa sauti ya chini, na alikuwa analia.

Polisi walichelewa, kama kawaida yao. Wakati wa kungoja, mkaanga samosa alikaa mlangoni na koleo lake ili Kiptoo asiwaze kutambaa kwenda popote. Peguy alimketisha Jebet kwenye kiti, akamkandamiza kitambaa chenye barafu mdomoni. Halafu, labda kwa sababu mikono yake ilihitaji kazi, aliokota ile jozi ya buluu, akafuta damu kwenye makali, akaisimamisha kando ya kiti. Ncha ilifika puani mwa Jebet alipojaribu kusimama nayo.

"Hizi?"

Jebet alitikisa kichwa kukubali.

Peguy alichukua bisibisi, akapiga magoti kwenye kile chuma kinachoshika kiatu. "Sasa ninafunga, maman. Nikilegeza, itafunguka ovyo ukiwa mbio. Nikikaza, haifunguki kabisa. Wa kuanguka ninalegeza, wa kusimama ninakaza. Lazima nijue." Alimtazama kwa huruma, akauliza taratibu, "Unaangukaka?"

Jebet alijaribu kujibu, lakini mdomo ulikuwa umefura kabisa chini ya barafu. Beverly alikuwa amesimama nyuma yake, mkono juu ya bega lile jingine lililokuwa zima. Asubuhi nzima alikuwa amejibu kwa niaba yake, na sasa alijibu tena.

"Haanguki," alisema.

Peguy akakaza.