Mbege ya Kwanza ya Severa

Severa alikuwa hajapika mbege, pombe ya ndizi na ulezi, maishani mwake, na zilibaki wiki mbili baba mkwe afike kutoka Kibosho, mlimani, kumpa mtoto jina la ukoo. Kwao jina halitolewi kinywa kikavu. Linataka kata ya mbege iliyopikwa na mama wa mtoto kwa mikono yake.

"Si tununue bia za chupa?" mumewe Kasmir alimtania.

"Mwanao apewe jina la chupa?"

Akambeba mtoto mgongoni mpaka Kariakoo, kwa dada Candida, muuza kimea cha ulezi. Candida akamwaga ujuzi wote: ndizi mbivu za aina tatu, asali, magome ya msesewe ya kutia uchungu, na ndizi zikishachemshwa, zilale siku tano. Severa akaandika kila neno katika daftari lake la masomo ya jioni, kisha akaanza kukata mistari. Vikabaki ndizi, kimea na maji.

"Huo ni uji wa mgonjwa!" Candida akacheka.

"Ndiyo kwanza najifunza, dada. Nikitia vitu kumi ikaharibika, nitamlaumu nani?"

Akajaribu kwanza kwa sufuria dogo. Siku ya tano alipofunua, harufu ikamkata pua. Siki tupu.

"Nilikwambia! Msesewe ungeificha," alisema Candida, aliyekuja kuonja.

"Sitaki kuficha, nataka kujua."

Severa akamtazama mwanawe, shingo yote vipele vya joto. Kibosho watu hulala na mablanketi mawili. Hapa pwani, Mchafukoge, hata shuka ni mzigo.

"Dada, hizo siku tano ni za mlimani! Ndizi haihesabu siku, inafuata joto."

Akarudia na vitu vilevile vitatu, akionja kila asubuhi kwa kijiko. Siku ya pili povu lilipanda, ulimi ukachomwa kidogo. Hakungoja. Akachuja, akapika uji wa kimea, ukapoa, akachanganya, akaufunika mpaka kesho yake, Jumapili ya jina.

Mzee Anselmi, baba mkwe, aliketi ukumbini. Severa akapiga goti, akaonja mwenyewe kwanza kama ilivyo desturi, akampa kata kwa mikono miwili.

Mzee akanywa. Akalamba midomo.

"Msesewe umeusahau?"

Candida, aliyealikwa, akashika mdomo.

"Sikuusahau, baba. Nimeuacha. Nilitaka niwajue ndizi na ulezi kwanza, huyo mgeni wa tatu baadaye."

Mzee akainua kata. Akanywa tena, safari hii bila kupumua, akabakiza kidogo akawamwagia wazee waliotangulia.

"Mleteni huyo mtoto."

Akachovya kidole katika povu, akampaka utosini, akamwita kwa jina la baba yake yeye mzee. Kisha akamrudishia Severa kata ijazwe.

"Wa pili tutamtilia msesewe."

"Baba!" Candida akapiga kelele. "Wa kwanza hata jino hana!"

Severa alikuwa ameshainama kwenye mtungi, anacheka, anajaza.