Godoro la Bi Iraci

Josimar alimdanganya mama yake kwenye simu kwamba amepata kitanda. Angefanyaje? Bi Iraci alikuwa ameapa kuuza cherehani yake amnunulie mwanawe pa kulala, na cherehani hiyo ndiyo inayomlisha mama na kumnunulia dawa za presha. Sasa Jumapili ya wageni imefika, mama yuko kwenye foleni nje ya gereza hapo mjini Recife, na kitanda hakuna.

Seli ilijengwa kwa watu wanane, nao walikuwa arobaini na ushee. Walilala ubavu, kichwa cha huyu miguuni pa yule, na mmoja akitaka kugeuka, safu nzima inageuka naye. Josimar, kwa ugeni wake, alilala mlangoni pa choo, akirukwa na kila mwenye haja.

"Kaka, niazime kitanda leo," alimwambia Valdomiro, nyapara wa seli, pande la mtu.

"Kitanda hiki nimekisotea miaka. Hata mke wangu simwazimi."

"Ni mama."

Valdomiro akaguna, akaanua soksi zake. "Mwambie asiegemee pale. Pana msumari."

Jumapili hiyo hakuna kutukana, hakuna kukaa kifua wazi, wala kwenda chooni. Mama wa mtu akipita, mnageukia ukuta. Bi Iraci alipoingia na kikapu chake, seli nzima ikageuka kama watoto waliochelewa shule. Gilvan, mfungwa mwenzao aliyefakamia maharage tangu asubuhi, alikuwa anatokwa na jasho.

Mama akakaa kitandani, akapapasa shuka iliyonyooka.

"Umetandika mwenyewe?"

"Kila asubuhi, mama."

"Huyu," Bi Iraci aliiambia ile migongo, "nyumbani alikuwa hatandiki hata nimfuate na mwiko."

Migongo ikatikisika kwa kicheko. Wakala kuku na unga wa muhogo wa kukaanga, na paja nono mama akaagiza apelekewe yule mkubwa. Kengele ilipolia, akamwachia Josimar furushi lililofungwa kamba.

"Fungua nikishatoka. Na cherehani siuzi, bado ina kazi."

Kandambili zake hazijafika mbali, Gilvan akachomoka kuelekea chooni. Josimar akafungua furushi. Lilikuwa godoro, limeshonwa kwa magauni ya zamani ya mama, jembamba mno, halifiki hata nusu ya upana wa kitanda. Valdomiro akalichukua, akalitandika sakafuni mlangoni pa choo. Likaenea sawasawa pale alipolala Josimar kila siku.

"Kapima wapi?" Josimar aliuliza.

"Foleni yote hiyo, unadhani wanawake wanaongea nini? Vipimo vyetu wanavyo wote."

Upande mmoja, ule wa chooni, Bi Iraci alikuwa ameshonea plastiki ya kitambaa chake cha meza, maji yasimfikie mwanawe. Josimar akageukia ukuta, ingawa wageni walikwisha kuondoka.