Feni Iliyomeza Sauti ya Mnadi

Laptopu yenyewe ilikuwa nyembamba, jamani, nyembamba hata ukiilaza mezani ungedhani ni trei ya vikombe. Siku ilipoletwa nyumbani, kaka mtu, ambaye alikuwa mnadi wa nguo za mitumba sokoni, aliinyanyua juu akaanza kuinadi palepale sebuleni. "Haya mteja, nyembamba, nyeusi, haijavaliwa hata mara moja! Nani anaongeza?" Alipochoka kucheka akamgeukia mdogo wake. "Sasa Bwana Gemu, kitu kimekondeana namna hii kina nguvu gani?"

"Wembamba wa reli, kaka," mdogo mtu akajibu. "Treni inapita."

Basi jina la Bwana Gemu likamganda, na treni ikapita kweli, pamoja na makelele yake. Mashine ya gemu hufanya kazi nzito, na kazi nzito huleta joto. Sasa ndani ya bati jembamba vile joto litakaa wapi? Feni mbili zilizobanwa mle ndani zililitimua nje kwa kasi, zikivuma mpaka shemeji yake, mke wa kaka, akiwa jikoni akauliza nani anakausha nywele. Bwana Gemu hakujali. Alivaa visikilizi vyake akaendelea. Tangu amalize shule alikuwa anaishi hapo kwa kaka yake, anachora mabango ya maduka kwenye hiyo mashine, na muda uliobaki, ambao haukuwa haba, anacheza.

Kisha sauti ya mnadi ikaanza kukwaruza. Mwanzoni kila mtu alisema ni kazi, mtu akipiga kelele kutwa atakosaje kukauka koo? Akanywa maji ya moto, akalamba asali, akapumzika siku mbili tatu, akarudi mnadani. Wenzake sokoni wakamtania kwamba amebalehe upya. Mwezi ukaingia mwezi ukatoka, mkwaruzo ukabaki, na shemeji akamburuta hospitali kwa nguvu. Huko daktari hakuzunguka mbuyu. Kulikuwa na uvimbe kwenye kisanduku cha sauti, uvimbe mbaya, na kisanduku chenyewe kitolewe chote. Atapumua kwa tundu shingoni. Kuongea, basi tena.

Mtu mwingine angeuliza kama atapona. Mnadi aliuliza, "Na mama?"

Mama yao alikuwa anaishi mbali, kwa dada yao mkubwa. Macho yake yalikuwa yamekwisha kabisa, na presha ilikuwa imemshika vibaya, habari mbaya kwake ni lazima zipimwe kama dawa. Mwanawe wa kwanza wa kiume alimjua kwa sauti tu. Kila jioni mnada ukiisha alimpigia, na bibi yule hakuwahi kulala kabla ya simu hiyo. "Baba," alikuwa akimwambia, maana alimwita baba tangu utotoni, "leo umeuza au umepiga kelele bure?" Na mnadi alikuwa akimnadia shati moja, kwa simu, mpaka mama acheke.

Hospitalini kulikuwa na dada mmoja anayewafundisha wagonjwa kuongea upya, naye ndiye aliyewapa tumaini. Kuna programu ya kompyuta, alisema. Mgonjwa anasoma sentensi mia kadhaa zinazotokea kwenye skrini, programu inajifunza sauti yake, na baada ya operesheni anaandika tu kwenye simu, maneno yanatoka kwa sauti ileile aliyozaliwa nayo. Mama hatajua kitu. "Lakini inataka mashine yenye nguvu," yule dada akaonya, "na chumba kiwe kimya. Kimya kabisa."

"Mashine ipo," Bwana Gemu akasema, na kifua kikamvimba. Maishani mwake hakuna aliyewahi kumhitaji kwa jambo la maana, na sasa kaka yake, aliyemlea, aliyemvisha, aliyemtetea kwa majirani waliomwita mzigo, alimtazama kama mtu anayemtazama daktari.

Wakafunga madirisha ya sebule, wakatundika mablanketi ukutani, wakazima friji. Mnadi akakaa mbele ya kipaza sauti, akasoma sentensi ya kwanza. Alama nyekundu ikatokea: kelele nyingi, rudia. Akarudia. Nyekundu. Programu ilikuwa inaichambua sauti palepale inaporekodi, mashine ikapata moto, na feni zikaanza nyimbo zao.

Hapo ndipo Bwana Gemu alipoanza kupambana na ile mashine yake. Aliifungua mgongo akapuliza vumbi. Akaiinua kwa vifuniko vya chupa ili hewa ipite chini. Akaipunguzia nguvu kwenye mipangilio. Feni zikatulia kweli, ila mashine ikawa goigoi, ikawa inameza maneno katikati ya sentensi. Akairudishia nguvu akazifunga feni zisizunguke. Loo! Sentensi chache tu, bati likachoma vidole, skrini ikazima pu! Akaipeleka chumba cha pili na kuvuta waya mrefu wa kipaza sauti, waya ukaleta mngurumo wake wenyewe. Ukitaka kasi, kelele. Ukitaka kimya, moto. Mashine nene ingekuwa na nafasi ya kupumua. Hii ilinunuliwa kwa sababu ya urembo.

"Kizuri hakikosi ila," mnadi akasema kwa sauti ya mkwaruzo, akijaribu kucheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha upesi.

Wakapata utaratibu. Anasoma sentensi chache kabla mashine haijapata moto, wanaizima, wanaipepea kwa mfuniko wa sufuria, wanaiwasha tena. Kazi ya kobe. Na kila wakingoja ipoe, uvimbe haukuwa unangoja. Sentensi za wiki ya kwanza zilikuwa na sauti ya mnadi, iliyochakaa lakini yake. Za wiki iliyofuata zilikuwa pumzi zaidi kuliko sauti. Shemeji alikuwa anasimama mlangoni na kitambaa mdomoni, asije akalia kwa sauti na kuharibu rekodi.

Mara hospitali ikapiga simu: nafasi imepatikana, operesheni kesho kutwa. Na sentensi walizokuwa nazo hazikufika hata robo.

"Tusome zote leo," Bwana Gemu akasema. "Feni zivume zinavyotaka. Nitaizuia ile alama nyekundu, turekodi hivyohivyo, kelele nitaiosha baadaye."

"Inaoshwa?" mnadi akauliza.

"Inaoshwa, kaka. Kuna programu ya kuosha sauti. Unairekodia kelele peke yake ili imjue adui, halafu inapita kila faili inamtoa. Niamini."

Mnadi akamwamini. Siku nzima alisoma, akinywa maji, akipumzika, akisoma tena, mpaka machozi yakawa yanamtoka kwa maumivu na mdogo wake akamwomba waache. Alikataa kwa kichwa. Jioni akamaliza sentensi ya mwisho na kuegemea kiti, hoi.

"Bado kitu kimoja," Bwana Gemu akasema. "Nyamaza kidogo hapohapo, niichukue feni peke yake."

Mnadi akanyamaza. Alikaa palepale mbele ya kipaza sauti, kifua kikipanda na kushuka, pumzi ikitoka kooni kwa mkwaruzo na mluzi kama ilivyokuwa siku hizo zote. Mdogo wake alikuwa ameikodolea macho mashine. Masikio yake yalikuwa kwenye feni, na ile pumzi nzito, aliyoizoea kama saa ya ukutani, hakuisikia.

Alipoanza kuosha, mashine ikamwambia nafasi imejaa. Afute kitu, ama zile sauti zilizooshwa zikalie mahali pa zile za kwanza? Aliangalia kilichojaza nafasi. Lilikuwa gemu lake moja, kubwa kuliko vingine vyote, lenye mji alioujenga miaka na miaka, mtaa kwa mtaa. Kidole kikasogea juu ya kufuta, kikarudi. Kwani ya nini? Safi ikishapatikana, chafu ina kazi gani? Akachagua za kwanza zifutwe. Ilipomaliza alisikiliza sentensi moja, ya mwanzo kabisa, ya wiki ile sauti ilipokuwa bado ina nguvu. Ilitoka safi, kama maji ya kisimani. Akaruka kwa furaha, akamkumbatia shemeji yake. Haraka haraka haina baraka, lakini nani alikuwa na subira siku ile?

Operesheni ilienda vizuri. Hivyo ndivyo walivyosema, vizuri, na mnadi akarudishwa wodini na bandeji shingoni na bomba kwenye tundu. Alipopata nguvu ya kukaa, alimtazama mdogo wake akagusa midomo, kisha sikio. Nataka kuisikia.

Bwana Gemu akaweka laptopu kwenye meza ya kitanda na kufungua sentensi katikati ya orodha.

"Sss," mashine ikasema. "T. K. Sss."

Akafungua nyingine. "P. Sh. T." Akafungua nyingine na nyingine. Kati ya herufi na herufi palikuwa na kimya, kimya kile walichokitafuta kwa wiki zote zile. Alirudi kwenye ile kelele aliyoirekodi jioni ile, akaisikiliza kwa visikilizi, na safari hii akaisikia pumzi. Feni na pumzi ya kaka, zimepanda pamoja, mkwaruzo juu ya mvumo. Aliiambia mashine, huyu ndiye adui. Na mashine, mtiifu, ikapita faili kwa faili ikimtoa, na sauti ya kaka ilikwisha kuwa pumzi hiyohiyo. Sentensi zile chache za mwanzo, zenye nguvu, ndizo zilizonusurika. Alizipeleka kwenye programu, ikamjibu kwamba sauti haitoshi.

"Si una zile za kwanza?" shemeji akauliza. "Zile chafu?"

"Nilizifuta."

"Kwa nini?"

Angeweza kudanganya. Uongo ulimjia mpaka kwenye ulimi. "Nafasi ilijaa," akasema. "Sikutaka kufuta gemu."

Shemeji hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akasema polepole, "Gemu," kana kwamba ni neno la lugha asiyoijua. Mnadi alimtazama mdogo wake kwa muda mrefu. Hakukuwa na hasira usoni mwake. Bwana Gemu aliitafuta akaikosa, na kuikosa kukamuumiza zaidi. Kisha mnadi akageukia ukuta.

Gemu alilifuta siku hiyohiyo, kwenye benchi la nje ya wodi. Maji yalikwisha kumwagika. Alimpelekea fundi mashine, akampelekea na fundi mwingine, wote wakatikisa kichwa: palipofutwa pameandikwa juu yake, hapafukuliwi.

Kule kwa dada mkubwa, mama alikuwa anauliza kila jioni. Waliambizana uongo wa kumpa: simu yake imeharibika, amesafiri kununua mzigo, amelala, ana mafua. Uongo ukawaishia. Dada akapiga simu analia, mama hali chakula tena, anakaa na simu mapajani kutwa nzima. Mnadi aliposikia, aliomba simu yake. Programu ilikuwa na sauti zake za dukani, za watu wasiojulikana. Akachagua moja ya mwanamume. Mdogo wake akamshika mkono. "Kaka, usifanye hivyo." Mnadi akautoa ule mkono taratibu.

Wakapiga. Dada akamwekea mama sikioni.

"Shikamoo mama," ikasema ile sauti, nyororo, ya msomaji wa taarifa. "Ni mimi."

"Marahaba, mwanangu wa watu. Mpe mwenye simu."

Mnadi akaandika haraka. "Mama, ni mimi baba yako. Koo liliumwa. Nimepona."

Wakamsikia mama akisema pembeni, kwa dada, "Huyu nani anayesema kwa jina la mwanangu?" Na dada akajikanyagakanyaga, na mama akapandisha sauti. "Mnanificha! Siku zote hizi mnanificha! Mwanangu amekufa!"

"Niko hai," ikasema sauti ya mgeni. "Niko hai mama. Niko hai."

"Mwanangu amekufa! Yoo, mwanangu!" Kilio kikapanda, na nyuma yake sauti za majirani wakiingia, wakiuliza, wakianza na wao.

Bwana Gemu akainyakua simu. "Mama! Mama nisikilize! Yuko hapa, mzima, amekaa mbele yangu!"

"Wewe mwanangu wa mwisho ulikuwa hujui uongo." Mama alikuwa anahema. "Kama yuko hapo, aseme. Neno moja tu, sitaki mengi. Hata anitukane."

Bwana Gemu akamtazama kaka yake. Mnadi alikuwa amesogea karibu na simu, mdomo umefunguka, mishipa ya shingo imesimama, akisukuma kwa nguvu zake zote. Bandeji ikapanda na kushuka. Hewa ikatoka kwenye tundu.

"Nasubiri," mama akasema.