Vitufe vya Ramzanali

Kwa miaka tisa Nazmin aliliita lile gari mke mwenza, na utani wenyewe ulikuwa na pilipili ndani yake. Mwanamke gani asingeona wivu? Kila Jumamosi mumewe, Ramzanali, alikuwa gereji ya nyumba yao ya Brampton, Kanada, akilifufua lile gari kuukuu na kusugua kromu mpaka chai yake inapoa. Lilikuwa Plymouth la familia la mwaka 1958, pana kama sebule, lenye mapezi marefu nyuma yasiyo na kazi yoyote ila kuringa. Gia zake hazikuwa na fimbo. Ulibonyeza vitufe kushoto kwa usukani. Utotoni Mwanza, Ramzanali aliliona moja tu, la mwenye kiwanda cha pamba, na hakuruhusiwa hata kuligusa.

Sasa gari limekamilika, macho ya Ramzanali yakamwangusha. Wiki ile ile alishindwa kipimo cha macho, leseni ya udereva ikachukuliwa. Alikuwa hajaliendesha hata kufika barabarani. "Basi, Mungu hakupenda," alisema, akalifunika turubai. Nazmin alimjua mzee wake: akisema "basi" kwa upole namna ile, ameumia. Naye, Mungu amsamehe, alifurahi kidogo. Furaha ile ikamtia aibu siku tatu nzima.

Jumapili asubuhi aliondoa turubai, akachukua nazi jikoni, akaiweka mbele ya gurudumu, kama mama yake alivyofanya kuliombea heri kila gari jipya. Kisha akaketi kwenye usukani.

"Arre, Nazmin!" Ramzanali alitoka mbio na kandambili. "Hujui vitufe hivyo!"

"Kusoma najua. Panda."

Nazi ikapasuka chini ya tairi, safi kabisa, na barabarani injini ikanguruma kwa nguvu ambayo Nazmin hakuitarajia. Ilimpendeza, hakutaka kukana. Ila mzee hakunyamaza. Polepole! Slowly! Usibonyeze kwa kucha!

Walisimama mbele ya duka la kahawa, penye mwinuko kidogo. Nazmin akatafuta kitufe cha kuegesha, hakukiona, akabonyeza N, akaondoa mguu. Gari likaanza kurudi nyuma taratibu kuelekea toroli za wateja wa duka la jirani.

"Breki ya mkono! Vuta hapo chini!"

Akavuta. Likasimama. Wakatazamana, wote wawili wakihema.

"Hakuna cha kuegesha," Ramzanali alisema. "Waliweka mapezi, wakasahau hicho. Sikukwambia kwa sababu sikudhani utakuja kuketi hapo."

"Hukuniita, mzee. Miaka tisa, hukuniita hata siku moja."

 Ramzanali akajisogeza katikati ya kiti kirefu, bega kwa bega naye, akamshika kidole, akakipeleka kwenye vitufe.

"Hiki cha nyuma," alisema. "Hiki hakina gia. Hiki cha kwenda."

Nazmin alikwisha kuvijua vyote njiani. Alimwacha amfundishe, kimoja kimoja, na alipofika mwisho akamwomba aanze tena.