Kekee ya Wakonyo

Wakonyo alimtambua Peterson kabla hajavuka kizingiti cha duka. Alikuwa amenenepa, na kofia ilikuwa mpya, lakini sauti ilikuwa ileile, ya mtu anayeamrisha hata anaposalimia. Peterson hakumtambua yeye. Angemtambua vipi? Mutahi, mume wa Wakonyo, alipopotea mlimani akimbebea mizigo, Peterson, kiongozi wa safari za wageni, hakufika kijijini kwao Wamagana kumpa mjane pole. Aliwatuma polisi. Walipindua kitanda, wakamwaga mahindi ya mbegu sakafuni, wakitafuta blanketi na vyakula ambavyo, kwa maneno ya Peterson, Mutahi alikuwa ametoroka navyo. Kanisani watu walinong'ona kwamba Mutahi yuko Uganda na mwanamke mwingine. Shuleni binti yao, Gathoni, aliitwa mtoto wa mwizi.

Ukweli aliupata mwaka uliofuata kutoka kwa Theuri, aliyekuwa mpagazi katika safari hiyo. Mutahi alishikwa na kifua kule juu, akawa anakohoa damu. Peterson aliwatanguliza wapagazi wengine, akabaki naye. Alipowafikia alikuwa peke yake, na blanketi la Mutahi liko begani mwake. "Nimemwacha pangoni apumzike," alisema. "Nimemwahidi nitarudi." Hakurudi. Mapango ni mengi upande ule, na Theuri hakujua ni lipi.

"Usinitaje, Mama Gathoni," Theuri aliomba. "Niko na watoto, na huyu ndiye anatupatia kazi."

Wakonyo hakumtaja. Alienda polisi peke yake, akaambiwa alete mwili kwanza. Akahamia Nyeri mjini, akaajiriwa katika duka la vyuma, na mwenye duka alipozeeka akamwachia. Miaka yote hiyo alimngoja Peterson kama mtu anavyongoja mvua, akijua itakuja tu.

Sasa alikuwa mbele yake, pamoja na wageni wawili kutoka Finland, mume na mke.

"Mama, tunataka kekee," Peterson alisema. "Si ya mbao. Ya kutoboa barafu. Kuna kidimbwi huko juu kinaganda, na chini kuna samaki. Hawa watu kwao wanavua hivyo, kwa tundu."

Wakonyo aliwapeleka stoo. Walowezi walipouza vitu vyao na kuondoka, mwenye duka wa zamani alinunua masanduku mengi bila kuuliza ndani kuna nini. Kekee zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kuchimbia mashimo ya nguzo za ua, pana kama sufuria. Peterson aliishika mara moja kwa sababu ilikuwa kubwa.

"Hiyo ni ya udongo," mgeni wa kike alisema kwa Kiswahili. Aliwahi kufundisha Tanzania. "Kwa barafu itateleza tu."

Ya pili ilikuwa chuma kimoja kuanzia mpini hadi ncha, meno yake bado makali. Wakonyo aliona kuwa ndiyo nzuri kuliko zote. Ya tatu ilikuwa na jino linalochomolewa, limeshikwa na pini. Mtu angeweza kubeba mpini huku na mwingine akabeba jino kule. Alizitazama zote mbili, akachagua.

"Hii ya pili ina ufa," alisema. "Itakatikia huko juu. Chukueni hii ya tatu. Lakini siuzi, nakodisha. Na mahali jino linaenda, na mimi naenda. Likipotea sina lingine."

Peterson alicheka. "Ati uende mlimani? Wewe?"

"Niko na miguu. Na naweza kupika."

Peterson alifikiri kidogo. Wakonyo aliona tamaa ikimshinda: mpishi wa bure. "Sawa, mama. Lakini usitucheleweshe."

Walipandia upande wa Naro Moru. Theuri, ambaye sasa ndiye mkubwa wa wapagazi, alipomwona Wakonyo katikati ya mizigo alitaka kusema kitu, kisha akageukia kamba za mzigo wake. Wakonyo alipika, akaosha masufuria kwa maji yanayochoma vidole, na kila walipopita pango alichungulia. Jino la kekee alilifunga kwa khanga kiunoni, chini ya sweta. Lilimkwaruza njia nzima, naye aliufurahia mkwaruzo huo.

Asubuhi waliyofika kidimbwini, barafu ilikuwa imetanda nyeupe. Wageni waliikanyaga ukingoni, wakaigongagonga, wakaridhika. Peterson alinyoosha mkono.

"Leta jino, mama."

"Mutahi ulimwacha pango gani?"

Mkono wa Peterson ulibaki hewani. "Mutahi gani?"

"Mutahi wa Wamagana. Mume wangu. Niambie pango, nikupatie jino."

"Huyo mwizi alitoroka! Polisi wanajua!"

Wakonyo alimgeukia mgeni wa kike, akamweleza yote, polepole, bila kulia. Peterson alipaza sauti kwamba mwanamke huyu ana wazimu. Hapo Theuri alitua mzigo wake.

"Hana wazimu," alisema. "Nilikuwako. Ulikuja na blanketi yake. Ulituambia umemwahidi utarudi."

Wapagazi wengine nao wakatua mizigo, mmoja baada ya mwingine. Mgeni wa kike alimtafsiria mumewe, naye akaanza kukunja nyuzi zake za kuvulia. Peterson aliwatazama wote, akaona hana mtu.

"Chini ya jabali jekundu," alisema hatimaye. "Pale tulipopita jana. Angekufa tu, mama. Wageni walikuwa wanangoja. Sasa lete jino."

"Sileti."

"Si umeniahidi?"

"Na wewe si ulimwahidi?"

Walimkuta Mutahi mahali hapo hapo, ndani kabisa, amejikunja. Baridi na ukavu vilikuwa vimemhifadhi nusu. Wakonyo alilijua sweta, alilifuma mwenyewe. Alikaa naye kwa muda mrefu, na walio nje walimsikia akizungumza kwa sauti ya chini kama mtu anayeeleza habari za nyumbani. Alipotoka, Theuri na wenzake walikuwa tayari na turubai.

"Mwacheni," Wakonyo aliwaambia. Akamnyooshea Peterson kidole. "Atambeba huyu."

"Mimi?"

"Kwa mgongo. Kama yeye alivyobeba vitu vyako."

Hakuna aliyemsaidia. Aliteleza kwenye matope, akaanguka kwa magoti, akaomba maji. Wakonyo alitembea nyuma yake hatua kwa hatua, na kila aliposimama alisema neno moja tu: "Twende." Langoni mwa mbuga Peterson alikuwa analia waziwazi. Polisi sasa walikuwa wameletewa mwili, na wageni wakakubali kuandikisha walichosikia.

Peterson alifungwa, ingawa si kwa muda aliotaka Wakonyo, na alipotoka hakupata mpagazi hata mmoja, si Nyeri wala Kutus, upande mwingine wa mlima.

Mutahi alizikwa Wamagana, na watu walewale walionong'ona kuhusu Uganda walijaa boma. Gathoni alisimama mbele kabisa, kichwa juu. Mchungaji aliomba, kisha akamwinamia mjane na kumuuliza kama sasa, mbele ya Mungu, amemsamehe aliyemkosea.

"Bado," Wakonyo alisema, akainama kuokota udongo.